Sauti ya Zege Lililopita Motoni

Mchoma chokaa wa kisiwa cha Mafia, awe wa Kirongwe au wa penginepo, hufanya kwa makusudi jambo ambalo mjenzi wa tanuri hulikimbia: hupanga matumbawe juu ya magogo, akayatia moto hata joto likakaribia digrii 900, na jiwe lililokuwa gumu likabaki chokaa, tayari kufura na kupasuka lionjapo maji. Basi zege lenye kokoto za matumbawe, likijengwa penye moto mkali, huwa limebeba tanuu la chokaa tumboni mwake. Saruji ya kawaida nayo haina salama, kwani baina ya digrii 400 na 500 chokaa iliyomo hupoteza maji, kisha, moto ukizimwa, huyanywa tena kutoka katika unyevu wa hewa na kulipasua zege.

Tanuri za viwanda, kama zile za saruji zipikazo mawe kwa digrii zipatazo 1450, huvikwa matofali maalumu na zege la saruji ya alumini, ambayo Mfaransa Jules Bied alipewa hataza yake mwaka 1908. Hata zege hilo huchoka, maana kila lipashwapo na kupozwa huzaa nyufa ambazo jicho halizioni. Kama mnunuzi agongavyo chungu, mtaalamu hulipitishia sauti isiyosikika na sikio na kupima mwendo wake: katika zege zuri la kawaida hukimbia zaidi ya kilomita 4 kwa sekunde, lakini penye nyufa hulazimika kuzunguka, ikachelewa. Jinsi mwendo huo upunguavyo mzunguko baada ya mzunguko ndivyo akadiriavyo umri uliosalia, bila kuvunja kitu.

Njia ya pili, niipendayo zaidi, ni kusikiliza tu, kwa kuwa kila ufa ufungukapo hutoa mlio. Mjerumani Josef Kaiser alionyesha katika tasnifu yake ya Munich, mwaka 1950, kwamba kitu kilichokwisha kubeba mzigo hukaa kimya kikibebeshwa tena, mpaka uzidi ule wa kwanza. Zege lililiapo kabla ya hapo limekwisha kudhoofika.

Mpimaji na ajihadhari na maji, kwani nyufa zilizojaa maji hupitisha sauti upesi kuliko zilizo tupu, na kipande kilichopimwa kibichi wakati wa masika chaweza kusifiwa kuliko kilicho kizima, kilichopimwa kikavu.