Mawimbi ya wasifu yanavyomeza namba ya simu

MFANYABIASHARA wa Mwanjelwa jijini Mbeya, au wa Soko Kuu mjini Iringa, anayetangaza mchele au vitenge kupitia Instagram, ana herufi 150 tu za kujieleza katika wasifu wake. Anapopanga alama za mawimbi juu na chini ya maneno ili yapendeze, nazo huhesabiwa, na kinachoweza kukosa nafasi ni namba ya simu au mahali duka lilipo.

Alama hizo si picha za kawaida, bali zimepewa namba kama herufi katika mfumo wa kimataifa wa Unicode. Wimbi la maji liliingizwa mwaka 2010; simu isiyolitambua huonyesha kisanduku kitupu.

Kwa mteja asiyeona, adha ni kubwa zaidi. Programu ya kusoma skrini kwa sauti, kama TalkBack ya simu za Android, huweza kutaja alama hizo moja baada ya nyingine kabla hajasikia kinachouzwa.

Nyumba ya wageni ya Matema wilayani Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ina sababu ya kuweka wimbi moja. Muuza vitenge, akilipenda, aliweke baada ya namba ya simu.