Jioni Tulipomsikiliza Siti

Akina mama wenzangu, wengi wetu redio tunaisikia kutoka jikoni tu. Baba huiweka karibu na kiti chake, akasikiliza taarifa ya habari, halafu mpira, kisha akaizima ili betri zisiishe. Hapa Litapunga, mkoani Katavi, nami nimeishi hivyo miaka mingi.

Jioni moja wakati wa mavuno tulikuwa uani tukipukuchua mahindi: mimi, binti yangu wa darasa la saba na mama jirani. Habari zilipokwisha, baba watoto alisahau kuizima redio. Kikaingia kipindi cha taarabu ya zamani, ile ya udi na fidla. (Najua mtashangaa, mke wa mzee wa kanisa na taarabu! Nisikilizeni kwanza.) Mtangazaji akasema anayeimba ni Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani. Alifinyanga vyungu akavitembeza mjini, akivinadi kwa sauti. Shule hakusoma. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili, na santuri zake zikauzwa Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Kilichonipendeza ni kwamba mtangazaji hakupiga nyimbo tu, alizieleza. Akafika kwenye wimbo wa Kijiti, uliotokana na kisa cha kweli. Mwanamke kutoka bara alikwenda Unguja kutembea, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Muuaji akatorokea bara. Wanawake waliosimama mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti na wenzake hawakuwa na cheo wala gazeti la kulalamikia. Walikuwa na wimbo, wakaimba hukumu ile watu wote waisikie.

Binti yangu akabaki na gunzi mkononi. "Mama, waliosema kweli ndio wakafungwa?"

Nilikuwa bado natafuta jibu, baba yake, niliyedhani amesinzia, akasema, "Ndiyo maana watu wananyamaza."

Mama jirani aliinama kwenye ungo wake. Wiki ile mtendaji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za mwanamke wa mtaa wetu aliyepigwa usiku hadi akavunjwa mkono. Jirani yangu alijibu kwamba alikuwa amelala. Nami nilijibu hivyo hivyo. Mayowe yale tuliyasikia wote wawili.

Hatukusemezana mpaka kipindi kikaisha. Alipoinuka kwenda kwake alijifunga kanga vizuri, akaniuliza ofisi ya kata inafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia anipitie asubuhi, twende pamoja.

Baba watoto aliizima redio. Akakaa kidogo, kisha akaniambia nikirudi kutoka huko nipite dukani, ninunue betri mbili.