Mashine ya Bei Kubwa: Tununue au Tutengeneze?

Kila ifikapo mwezi wa Juni, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa, huanza katika ofisi zetu nyingi za umma mbio zisizo na mshindi. Fungu ambalo halijatumika hutafutiwa matumizi, na tumizi lililo jepesi kuliko yote ni mashine. Kompyuta ni kitu kinachoonekana: huletwa katika sanduku, huwekwa mezani, hupewa namba ya mali ya Serikali, na hesabu imekwisha. Kama kazi ya wananchi imesonga mbele kwa mashine ile au imebaki pale pale, hilo huachwa liwe swali la mwaka mwingine.

Tunalizungumza jambo hili leo kwa kuitazama mikoa miwili ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Mbeya. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba habari za huko milimani ni za mbali nao. Watakuja kuona kwamba mwiba uliowachoma ndugu zao wa bara ni ule ule uwezao kuwachoma wao.

Mwaka 2014 ilianza katika vijiji vya Wilaya ya Iringa kazi ya majaribio ya kupima mashamba kwa simu za mkononi, kwa msaada wa shirika la misaada la Marekani, USAID. Vijana wa kijiji walifundishwa kuzunguka mpaka wa shamba pamoja na mwenye shamba na majirani zake, na simu ikaandika kila pembe. Kazi hiyo ilipanuliwa baadaye katika wilaya za Iringa na Mbeya, na maelfu ya wakulima wakapata hati za hakimiliki za kimila, kama zilivyowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Visiwani nako, mwaka 2016 ulianza mpango wa kuipiga picha Zanzibar nzima kutoka angani kwa ndege nyuki, chini ya Kamisheni ya Ardhi, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki kuzirusha.

Basi na ifahamike kwamba simu na ndege nyuki ni nusu ya kazi tu. Picha mia kadhaa au elfu kadhaa, kila moja ikiifunika sehemu kubwa ya mwenzake, haziwi ramani mpaka mashine iliyo ofisini izilinganishe nukta kwa nukta na kuziunganisha. Kazi hiyo huila kompyuta ya kawaida usiku na mchana, na mara nyingine huishinda kabisa. Hapo ndipo afisa ardhi anapoandika barua ya kuomba kompyuta ya kazi nzito, yenye bei iwezayo kununua kompyuta tano au sita za kawaida. Na hapo ndipo mkurugenzi anapoishika kalamu asijue aidhinishe au akatae.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kuketi katika ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja, akaona jambo la kusikitisha. Mashine mpya yenye nguvu ilikuwa juu ya meza ya mkubwa, ikitumiwa kuandikia barua na kusomea magazeti. Mpimaji alikuwa chumba cha pili, ameinamia mashine kuukuu iliyokuwa ikizimika kila ramani ilipofikia nusu. Nje, kwenye benchi, alikaa mama mmoja wa makamo aliyekuja mara ya tatu kuulizia hati ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Shemeji zake walikwisha anza kulima ndani ya mpaka. Mama yule hakujua lolote juu ya prosesa wala kumbukumbu. Alijua tu kwamba msimu wa kupanda unakaribia na karatasi yake haijatoka.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za Serikali. Mashine zilikuwa na nguvu kwa wakati wake, lakini wataalamu wenyeji walikuwa haba, tukawategemea wageni, na mfumo wa hesabu ukaharibika. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Tulikosea mara mbili: kwanza tulinunua mashine kabla ya kuandaa watu, kisha tukaihukumu mashine kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hatuna sababu ya kurudia kosa lolote kati ya hayo mawili.

Je, afisa aliyepewa dhamana ya fedha za wananchi afanyeje? Kwa maoni yetu, ajiulize mambo manne kabla ya kutia sahihi.

La kwanza ni kuijua kazi yenyewe. Barua, hesabu za kawaida na kuingia katika mifumo ya Serikali kwa mtandao havihitaji mashine ya kazi nzito. Kuunganisha picha za ndege nyuki kunaihitaji. Wazee wa pwani wamesema, usisafirie nyota ya mwenzio. Kwamba wilaya jirani imenunua si hoja. Huenda jirani ana kazi usiyokuwa nayo wewe.

La pili ni kujua ugonjwa uko wapi. Mashine isiyotosha huwa imepungukiwa na kiungo kimoja, nacho hujulikana kwa kuitazama ikiwa kazini. Kama kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, imejaa wakati prosesa imekaa bure, basi dawa ni kuongeza kumbukumbu. Kama diski ndiyo inayohangaika nayo ni ya zamani yenye sahani inayozunguka, diski ya aina ya SSD itaifufua mashine kwa gharama ndogo. Lakini kama kumbukumbu inatosha, diski ni nzuri, na prosesa imefika ukomo wake kwa saa nyingi, hapo ndipo inapofaa kusema kwamba mashine imezeeka.

La tatu ni hesabu. Tuseme mashine mpya ni shilingi 9,000,000 na itadumu miaka 6. Gharama yake ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Tuseme tena kwamba ramani ya kijiji kimoja, inayochukua saa 18 katika mashine ya zamani, itachukua saa 3 katika mpya. Ofisi inayotengeneza ramani 2 kwa mwaka itaokoa saa 30, na kila saa itakuwa imenunuliwa kwa shilingi 50,000. Huo ni ubadhirifu. Ofisi inayotengeneza ramani 50 kwa mwaka itaokoa saa 750, kila saa kwa shilingi 2,000. Hiyo ni busara. Mashine ni ile ile na bei ni ile ile. Kilichoigeuza hukumu ni wingi wa kazi.

La nne ni mahali na watu. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi vumbi huingia ndani ya mashine na kuziba feni; masika radi hupiga. Visiwani adui ni unyevu na chumvi ya bahari, ambavyo hula chuma polepole. Kuhusu umeme, bara imepitia mgawo, na Wazanzibari hawajasahau giza la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Kwa hiyo bajeti isiyokuwa na kifaa cha akiba ya umeme, kinachoitwa UPS, pamoja na diski ya kuhifadhia nakala, ni bajeti ya nusu mashine. Na kipuri kikiharibika, fundi na kifaa vyaweza kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Wa Pemba hungojea boti. Aliyezoeshwa kuisafisha na kuitunza mashine ni akiba kubwa kuliko mwaka mmoja wa dhamana ya muuzaji.

Liko pia jambo la programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Wauzaji wamelifanya hilo kuwa wimbo. Ni kweli kwamba mashine inayoshika kumbukumbu za ardhi isiachwe bila kinga. Lakini si kila mashine ya namna hiyo ni ya kutupwa. Iko mifumo ya Linux isiyolipiwa, na programu ya ramani ya QGIS hufanya kazi humo bila ada.

Yapo maneno ya wale wasemao, kwa nini tuhangaike na haya yote ilhali wafadhili hutupa mashine? Jibu limekwisha tolewa na wakati. Shughuli za USAID, iliyogharamia kazi ile ya Iringa na Mbeya, zilikomeshwa mwaka 2025. Mipaka iliyopimwa ipo, mashamba yanaendelea kurithiwa na kugawanywa, na kila mgawanyo unadai ramani irekebishwe. Mfadhili akiondoka, daftari hubaki kwetu. Na mali bila daftari hupotea bila habari.

Shauri letu, kwa hiyo, ni hili. Kwa meza nyingi za ofisi, mashine iliyopo iongezewe kumbukumbu na diski, isafishwe, ipewe akiba ya umeme, na fedha inayobaki ifundishe watu. Kwa kazi ya ramani, inunuliwe mashine moja yenye nguvu ya kweli, itumiwe na halmashauri kadhaa kwa zamu, na iwekwe palipo na wataalamu. Iringa na Mbeya zina vyuo vikuu vinavyoweza kusaidia kuitunza, na Zanzibar nayo imekwisha onyesha kwamba chuo na kamisheni vyaweza kushika kazi moja. Na isiwekwe mezani kwa mkubwa.

Mkurugenzi anayeisoma barua ya maombi mwezi huu asianze na bei iliyoandikwa chini yake. Aende kwanza kwenye benchi la nje, aulize waliokaa pale wanangoja nini na tangu lini. Kisha arudi ndani na kumwuliza mpimaji ni kitu gani hasa kinachomkwamisha. Akiyapata majibu hayo mawili, atajua atie sahihi au aandike kwamba mashine iliyopo itengenezwe.