BARUA ZA CHAMA ZISIPOTEE: JINSI YA KUHAMIA AKAUNTI MPYA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi wenzangu, pamoja na walimu wetu wapendwa, nusura methali hiyo itimie katika chama chetu cha Kiswahili. Daftari letu lilikuwa ndani ya tarakilishi, nasi tulikuwa tayari kulifuta kwa mikono yetu wenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Tarakilishi ya chama ilikuwa na akaunti moja tu, yenye jina la katibu aliyetangulia. Alipomaliza Kidato cha Nne, mimi nikachaguliwa kushika nafasi yake. Mwalimu mlezi akaagiza nifunguliwe akaunti yangu, kisha ile ya zamani ifutwe. Nikaingia katika akaunti mpya, nikafungua programu ya barua. Lo! Tupu! Mashairi tuliyotumiwa na shule jirani, maoni ya waamuzi wa insha, makala za matoleo yaliyopita, hakuna hata moja! Wenzangu wakaanza kunilaumu eti nimezifuta. Hasha! Barua zilikuwa palepale. Mimi ndiye niliyekuwa nimehama.

Mpenzi msomaji, tarakilishi yenye akaunti nyingi ni kama bweni. Programu ni ya wote, mfano wa taa ya bweni inayommulikia kila mtu. Lakini barua ni kama vitu vilivyo ndani ya sanduku la bati: kila mmoja ana lake na kufuli yake. Katika Windows, masanduku hayo ni folda zilizo ndani ya C:\Users, moja kwa kila mtumiaji. Sisi hutumia Thunderbird, na programu hiyo huweka barua ndani ya AppData, kisha Roaming, kisha Thunderbird, kisha Profiles. AppData nayo imefichwa, kwa hivyo hutaiona ukitazama hivi hivi.

Je, kila barua iko hatarini? La. Kuna njia mbili za kupokea barua pepe. Njia ya IMAP huacha barua kwenye mtambo wa mbali; ukifungua akaunti mpya na kuingiza anwani na nywila, zitarudi zenyewe. Njia ya POP huzishusha hadi kwenye tarakilishi yako, na ikipangwa hivyo, huzifuta kule zilikotoka. Sisi tulikuwa tukitumia POP, nayo ilikuwa imepangwa kufuta. Nakala iliyokuwepo duniani ni ile moja tu. Na kumbe ukiondoa akaunti katika Windows, folda ya mtumiaji nayo huenda pamoja nayo! Hapo ndipo mwili ulinisisimka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, omba ruhusa. Windows haikubali mtu kufungua sanduku la mwenzake hivi hivi, na hata ingekubali, si adabu. Mwalimu alimpigia simu katibu wetu wa zamani, naye akaja Jumamosi akaingiza nywila yake mwenyewe.

Pili, funga Thunderbird kabisa. Faili inayonakiliwa huku programu ikiiandika yaweza kuharibika.

Tatu, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, uandike %APPDATA%, kisha ubonyeze Enter. Mlango uliofichwa utafunguka. Ingia Thunderbird, halafu Profiles, halafu folda yenye jina la herufi na tarakimu zisizoeleweka. Ndani yake mna folda iitwayo Mail. Inakili yote. Nimesema nakili, usikate!

Nne, bandika nakala ndani ya C:\Users\Public, mahali ambapo watumiaji wote hufika. Bandika nyingine kwenye flashi, kwani akiba haiozi.

Tano, ingia katika akaunti mpya. Fungua Thunderbird, iandalie anwani ya barua, kisha uifunge. Tumia tena %APPDATA% hadi ufike Mail ya akaunti hii, uingie Local Folders. Hapo bandika faili za barua kutoka kwenye ile nakala. Faili ya Inbox ipe jina jipya, kwa mfano Barua za Zamani, isije ikagongana na nyingine. Ukifungua programu tena, utaiona upande wa kushoto.

Hapa mimi niliteleza. Niliona faili mbili: Inbox, na Inbox.msf. Nikadhani ile yenye mkia ndiyo ya maana, nikaibeba hiyo peke yake. Nikapata patupu mara ya pili! Faili ya .msf ni kama ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Barua zenyewe ziko kwenye ile isiyo na mkia. Ukiiacha .msf, Thunderbird itatengeneza nyingine. Ukiona folda inayoishia na .sbd, ibebe pia, kwani mna folda ndogo ndani yake.

Huenda ukauliza, kwa nini tusibebe Profiles yote? Inawezekana, ikiwa mwenye akaunti ni yule yule. Lakini humo mna logins.json na key4.db, ambazo huhifadhi nywila. Barua ni za chama. Nywila ni za mtu binafsi. Tulichukua zilizo zetu, tukamwachia zilizo zake.

Mwisho, usifute kitu siku hiyo. Linganisha idadi ya barua katika akaunti zote mbili. Fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, utazame hata viambatisho. Sisi tulingoja wiki mbili ndipo tukaondoa akaunti ya zamani. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Leo mashairi yetu yote yapo, na baadhi yake utayasoma katika kurasa za gazeti hili. Nawe utakayeshika ukatibu baada yangu, nakala ya flashi iko kwa mwalimu mlezi. Anza nayo.