Kompyuta Mpya Inapogoma Kuwaka

Kompyuta ya mezani iliyoungwa nyumbani kwa vipande vilivyonunuliwa kimoja kimoja humpa mwenyewe shida ambayo fundi wa kawaida haijui. Fundi akiletewa kompyuta iliyokufa, anajua angalau kwamba jana ilikuwa nzima. Iliyoungwa leo haina jana. Prosesa, mazabodi, rami, pawa saplai na kadi ya michoro vyote ni washukiwa, na hakuna kilichowahi kuonekana kikifanya kazi. Hata hivyo mkosaji mara nyingi si kipande chochote, bali ni mahali vipande viwili vinapokutana: plagi isiyosukumwa hadi mwisho, au rami iliyoingia upande mmoja tu.

Kwa hiyo uchunguzi huanzia kwenye waya. Mazabodi hupokea umeme kwa plagi mbili: ile pana ya pini 24, na nyingine ya pini 4 au 8 iliyojificha kwenye kona karibu na prosesa. Hii ya pili ndiyo husahaulika. Ikikosekana, feni huzunguka na taa huwaka, lakini skrini hubaki giza, na aliyeiunga huapa kwamba ameuziwa prosesa mbovu. Kadi kubwa ya michoro nayo hudai waya wake wa umeme. Kuhusu skrini, waya wake uchomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye mazabodi, ambayo hutegemea prosesa kutoa picha. Prosesa nyingi, zikiwemo za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina na Ryzen 5 5600X ya AMD, hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe.

Pawa saplai nyingine, hasa za bei ya chini, zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Tanzania hutumia umeme wa volti 230 na Kenya 240. Swichi hiyo ikiachwa kwenye 115, pawa saplai hupasuka kwa kishindo mara tu inapochomekwa, na hapo hakuna tena cha kuchunguza.

Kompyuta isiyoonyesha dalili yoyote ya uhai ina washukiwa wachache. Kwanza kitufe cha kasha: pini zake mbili kwenye mazabodi zikiguswa pamoja kwa ncha ya bisibisi na kompyuta ikawaka, kosa liko kwenye kitufe au waya wake. Isipowaka, pawa saplai hupimwa peke yake, ikiwa haijaunganishwa na kitu kingine, kwa kuunganisha waya wa kijani na mmojawapo wa nyeusi kwenye plagi ya pini 24. Ikiwa nzima, feni yake kwa kawaida huzunguka. Mwenye mita hupima zaidi: waya wa njano utoe volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3, na tofauti isizidi asilimia 5. Yaani 12 isishuke chini ya 11.4. Kipimo hiki kina upungufu wake, kwa sababu pawa saplai dhaifu huweza kutoa namba nzuri ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka kadi ya michoro inapoanza kuvuta umeme. Kasha lake halifunguliwi kamwe, maana kapasita za ndani hubaki na chaji hatari hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Kompyuta inayowaka bila kutoa picha ndiyo inayosumbua zaidi. Tangu enzi za IBM PC ya mwaka 1981, kompyuta hujikagua yenyewe kabla ya kitu kingine chochote, na ikikwama hutoa milio ya kuashiria tatizo. Siku hizi makasha mengi huuzwa bila spika ndogo ya kutolea milio hiyo, ila mazabodi nyingi zina taa nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki ikiwaka huonyesha ukaguzi ulipokomea. Haisemi nani kaukwamisha. Taa ya DRAM, kwa mfano, inaweza kuwaka rami ikiwa nzima kabisa, kwa kuwa kidhibiti cha rami kimo ndani ya prosesa, na pini moja iliyopinda kwenye soketi yatosha kukata mawasiliano. Tena rami za DDR5 huhitaji dakika kadhaa kujipima zinapowashwa mara ya kwanza. Asiye na subira huzima na kuwasha, huzima na kuwasha, kisha hurudisha dukani rami isiyo na kosa.

Dawa ya hali hii ni kuvua. Mazabodi hutolewa kwenye kasha na kulazwa juu ya boksi lake la karatasi ngumu, ikiwa na prosesa, kipoza joto chake na rami moja tu, iliyochomekwa katika nafasi inayotajwa na kijitabu. Penye nafasi nne, mara nyingi ni ya pili kutoka kwenye prosesa. Kadi ya michoro huongezwa iwapo prosesa haitoi picha. Ikiwaka hapo wakati ndani ya kasha iligoma, huenda skrubu au kishikizo cha chuma kilikuwa kikigusa mgongo wa mazabodi. Baada ya hapo vipande hurudishwa kimoja kimoja, na kila mara kompyuta huwashwa. Anayebadilisha viwili kwa pamoja hatajua kipi kilikuwa na kosa.

Prosesa ni ya mwisho kushukiwa, kwani ni nadra kufa ikiwa mpya. Mara nyingi mazabodi ndiyo haiitambui kwa sababu BIOS yake, yaani programu yake ya kuwashia kompyuta, ni ya zamani. Mazabodi za B450 zilizokaa dukani ziligomea Ryzen 5000 kwa sababu hiyo. Intel za kizazi cha 13 na cha 14 ni suala jingine. Mwaka 2024 ilibainika kuwa baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikiharibiwa na volti iliyopita kiasi. Marekebisho ya BIOS yaliyotolewa kuanzia mwaka huo huzuia madhara, lakini hayaponyi iliyokwisha kuathirika.

Kompyuta inayowaka vizuri kisha ikazima baada ya muda mfupi mara nyingi ina joto: nailoni iliyobandikwa chini ya kipoza joto haikubanduliwa. Inayokatikakatika bila mpangilio hupimwa rami kwa Memtest86+, programu ya bure, usiku kucha. Kosa moja tu latosha kuikataa rami hiyo, mradi kasi yake haikuwa imeongezwa kwenye BIOS.

Kipande kikishathibitishwa kuwa kibovu hurudishwa kikiwa na risiti na boksi lake. Mazabodi irudishwe pamoja na kile kifuniko cha plastiki cha soketi ambacho wengi hukitupa siku ya kwanza. Pini zikifika zimepinda, dhamana hukataliwa.