UVUNGU WA GHALA NA UZITO WA KAHAWA

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo yawahusu sana wale waliokabidhiwa maghala ya vyama vya msingi katika milima ilimayo kahawa. Viwanja vya huko vina mteremko, na kwa sababu hiyo ghala huweza kujengwa upande mmoja ukiwa karibu na ardhi, na upande wa pili ukisimama juu ya nguzo za mawe au matofali. Sakafu huwa ya mbao, na chini yake hubaki uwazi, yaani uvungu. Juu ya sakafu hiyo hupangwa mali ya wanachama. Chini yake, aghalabu, hakuna achunguliaye kutoka msimu hadi msimu.

Makala haya yanaeleza jinsi uvungu usiotunzwa unavyoharibu kahawa na kuvuruga hesabu za chama, na jinsi ya kuikinga sakafu na unyevu na baridi itokayo chini. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: unyevu uzuiwe kwanza, baridi baadaye. Chama kitakachogeuza utaratibu huo kitatumia fedha za wanachama na mwishowe kubaki na sakafu iliyooza.

UNYEVU NA LEJA YA GHALA

Kahawa ya maganda, yaani ile iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa lakini haijakobolewa, hupasa kuingia ghalani ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Lakini kukauka kwake juani si mwisho wa safari. Kahawa hupokea maji kutoka katika hewa yenye unyevu, na huyarudisha hewa ikikauka. Hewa ya ghala ikiwa na unyevu wa asilimia 60 hivi, kahawa hutulia karibu na asilimia 11 au 12. Hewa ikifika asilimia 80, kahawa hupanda hadi karibu asilimia 15, na hapo ukungu hupata makao.

Mfano ufuatao waonyesha jambo hilo katika leja. Chama kimepokea magunia 400 ya kilo 50, jumla kilo 20,000, yenye unyevu wa asilimia 11. Katika kilo hizo, maji ni kilo 2,200 na kahawa kavu ni kilo 17,800. Kahawa hiyo ikikaa juu ya sakafu yenye unyevu hadi ikafika asilimia 13, uzito wake utakuwa kilo 20,460 hivi. Leja itaonyesha ziada ya kilo 460. Hakuna punje moja iliyoongezeka. Kilichoongezeka ni maji. Ziada ya namna hiyo si faida, kwa maana kiwandani kahawa hupimwa unyevu pamoja na uzito, na kahawa iliyolowa hushuka daraja.

Kinyume chake pia hutokea. Kahawa hiyo hiyo ya kilo 20,000 ikiingia na asilimia 12, kisha ikakauka hadi asilimia 10.5 wakati wa kiangazi, uzito wake utashuka hadi kilo 19,665 hivi. Zimepungua kilo 335. Hapo ndipo maneno huanza kijijini: mtunza ghala hushukiwa, Katibu hushukiwa, na Mkutano Mkuu hugeuka baraza la lawama. Huenda mtu hakuchukua hata kiganja kimoja cha kahawa, lakini hana cha kumtetea, kwa kuwa siku ya kupokea mzigo uliandikwa uzito peke yake.

Dawa yake ni nyepesi. Katika leja ya ghala, kando ya safu ya uzito, iwepo safu ya unyevu, ijazwe siku ya kupokea, kila mwisho wa mwezi, na siku ya kusafirisha. Kisha hesabu ifanywe hivi: uzito wa kwanza uzidishwe kwa 100 iliyotolewa unyevu wa kwanza, halafu jibu ligawanywe kwa 100 iliyotolewa unyevu wa sasa. Jibu litakalopatikana ndio uzito unaotazamiwa. Hesabu hiyo humlinda mtumishi mwaminifu, lakini haimfichi asiye mwaminifu. Ikiwa upungufu ni kilo 600 na unyevu unaeleza kilo 335 tu, kilo 265 zilizobaki zinadai maelezo mengine.

Zaidi ya uzito kuna afya ya mnywaji na soko lenyewe. Ukungu huweza kutia katika kahawa sumu iitwayo okratoksini, ambayo haionekani kwa macho. Tangu tarehe 1 Januari 2023, nchi za Umoja wa Ulaya zilishusha kiwango cha juu cha sumu hiyo kinachoruhusiwa katika kahawa iliyokaangwa, kutoka mikrogramu 5 hadi 3 kwa kilo. Mnunuzi anayebanwa na sheria kwake naye humbana anayemuuzia.

JINSI UNYEVU UNAVYOPANDA

Unyevu wa uvunguni hutoka katika njia tatu. Ya kwanza ni udongo wenyewe. Hata udongo unaoonekana mkavu juu huvuta maji kutoka chini na kuyatoa kama mvuke mchana na usiku. Mvuke huo hupenya katika nyufa za mbao na kuingia ghalani.

Ya pili ni maji ya mvua yanayoteremka mlimani na yale yadondokayo kutoka paani. Pasipo mfereji upande wa juu wa ghala, maji hayo hujipitisha uvunguni. Katika milima ya kaskazini, kama Kilimanjaro, kahawa huvunwa zaidi kuanzia Julai na kuendelea, hivyo mvua za vuli huikuta ikiwa bado ghalani.

Ya tatu ni baridi. Usiku hewa baridi hupita chini ya sakafu na kuzipoza mbao pamoja na magunia ya chini. Asubuhi milango hufunguliwa, hewa ya vuguvugu huingia. Hewa yenye joto la nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 75 ikigusa mbao zenye nyuzi 17 hufikia ukomo wake wa kubeba maji, na maji huanza kutua juu ya mbao kama umande juu ya majani. Hii ndiyo sababu gunia la chini huweza kuoza ilhali paa halivuji na kuta ni kavu.

UCHUNGUZI

Kabla ya kununua chochote, uvungu ukaguliwe. Waende watu wawili, mmoja aingie na tochi na mwingine abaki nje, kwa kuwa nyoka na nyigu hupenda mahali pa giza. Wachunguze kama udongo umelowa, kama mbao zina weupe wa ukungu au njia za mchwa, na kama kisu kinazama kirahisi katika boriti. Mbao ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 20 ni salama. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, imo katika hatari ya kuoza.

Kwa udongo unaoonekana mkavu kuna kipimo kisicho na gharama. Kipande cha nailoni cha mita moja ya mraba kitandazwe juu ya udongo jioni, kingo zake zigandamizwe kwa mawe. Asubuhi kifunuliwe. Kikiwa na matone upande wa chini, udongo unatoa mvuke, na mvuke huo huo ulikuwa ukienda kwenye kahawa.

KAZI KWA UTARATIBU WAKE

(a) Kuyazuia maji. Upande wa juu wa ghala uchimbwe mfereji wa kuyageuza maji ya mlimani. Paa liwekewe michirizi, na maji yake yapelekwe mbali na ukuta. Ardhi iliyo kandokando ya ghala iwe na mteremko wa kwenda nje.

(b) Kuufunika udongo. Takataka, vipande vya mbao na mizizi viondolewe uvunguni, kisha udongo usawazishwe na kufunikwa kwa nailoni ngumu ya geji 1000. Kipande kimoja kilalie kingine kwa sentimeta 30, na kingo zipande ukutani na kwenye nguzo kwa sentimeta 15, zikibanwa kwa chokaa au mbao nyembamba. Ghala la mita 10 kwa 15 lahitaji mikanda 3 ya nailoni yenye upana wa mita 4, jumla mita 46 za urefu. Katika kazi zote za uvunguni hakuna yenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo kama hii.

(c) Kuipa hewa njia. Kuta za uvungu ziwe na matundu pande zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Katika Marekani, ambako nyumba nyingi za mbao husimama juu ya uvungu, kanuni ya ujenzi iliyozoeleka ni mita moja ya mraba ya matundu kwa kila mita 150 za mraba za sakafu. Kwa ghala la mfano uliotajwa, hayo ni matundu 20 ya sentimeta 20 kwa 25. Yawekewe wavu wa waya wenye vitundu visivyozidi milimeta 6, kuzuia panya. Na kwa kuwa wavu hupunguza upenyo, ni vema matundu yaongezwe kidogo. Yafaa pia yawe na vifuniko vya mbao. Siku kavu yafunguliwe. Siku za ukungu na mvua yafungwe, maana hewa iliyolowa haiwezi kukausha kitu.

(d) Kuziba nyufa. Mbao zilizooza zibadilishwe, na nyufa za sakafu zizibwe kwa vipande vyembamba vya mbao. Juu ya nguzo, chini ya boriti, ziwekwe kofia za bati zilizotokeza kando, ili mchwa asipande kwa siri. Oli chafu na dawa zenye harufu kali zisipakwe katika sakafu wala uvunguni, kwa kuwa kahawa hunyonya harufu, na harufu hiyo huonekana katika kikombe.

(e) Kuzuia baridi. Kazi nne za kwanza zikiisha, na uvungu ukionekana mkavu kwa msimu mzima wa mvua, ndipo tabaka la kuzuia baridi liwekwe kati ya boriti. Vifaa vifaavyo ni pamba ya mawe au mabamba ya povu gumu la plastiki, yenye unene wa sentimeta 5 au zaidi. Tabaka hilo lazima ligusane na mbao za sakafu kwa chini. Likining'inia na kuacha nafasi, hewa baridi hupita juu yake na kazi yote huwa bure. Pamba ya mawe ishikiliwe kwa wavu wa waya. Mabamba yakatwe sawasawa yabane kati ya boriti. Povu hushika moto na moshi wake ni sumu, kwa hiyo taa za mafuta na kazi za kuchomelea vyuma zisikaribishwe hapo.

Kuna makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kutumia pumba za mpunga au maranda kwa kuwa hupatikana bure. Vitu hivyo hushika maji, hukaribisha wadudu na kuwapa panya malazi. La pili ni kupigilia nailoni chini ya boriti kwa nia ya kuizuia baridi. Maji yanayopenya kutoka juu hunaswa humo, na boriti huoza bila kuonekana. Mahali pa nailoni ni juu ya udongo.

Hata sakafu iliyotengenezwa vizuri haiondoi haja ya chaga. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kwa nusu mita, ili hewa ipite na mtunza ghala aweze kuyazunguka na kuyakagua.

GHARAMA NA WAJIBU

Chama chenye mfuko mdogo hakina sababu ya kungoja hadi fedha zote zipatikane. Mifereji na usafi wa uvungu ni kazi ya msaragambo wa siku chache. Nailoni na wavu vyaweza kuingizwa katika makisio ya mwaka mmoja, na tabaka la kuzuia baridi katika makisio ya mwaka unaofuata. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hatua zifuatane kama zilivyoelezwa, na kila matumizi yaidhinishwe kwa utaratibu wa chama na kuwekewa stakabadhi.

Bodi imteue mjumbe mmoja wa kukagua uvungu pamoja na mtunza ghala mara mbili kwa mwaka: kabla ya kupokea mazao na mara baada ya mvua kubwa. Taarifa yao iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, hata kama hawakuona kasoro. Katibu naye ahakikishe kwamba kipima-unyevu cha chama ni kile kinachofaa kwa kahawa ya maganda na kwamba kinalinganishwa na cha kiwandani kila mwanzo wa msimu, kwa sababu kipimo kisicho sahihi ni kama mizani mbovu.

Mwanachama ashushapo gunia lake mbele ya mizani huondoka na karatasi tu mkononi. Jasho lake la mwaka mzima hubaki juu ya zile mbao hadi siku ya malipo. Ikiwa mbao hizo zimelowa, karatasi ile haisemi kweli, na atakayeulizwa ni yule aliyetia sahihi. Kwa hiyo kabla ya msimu ujao kuanza, kila chama chenye ghala la namna hii kichukue tochi, na wahusika wainame.