Kilimia na Kipupwe: Maelezo juu ya Misemo ya Kutabiri Majira

Makala haya yamezaliwa darasani. Katika somo la fasihi simulizi niliwataka wanafunzi wangu, wengi wao wakazi wa Kawangware, Dagoretti na Kangemi, wakusanye misemo ya wazee juu ya dalili za baridi kali, ile inayoikumba Nairobi tangu Juni hadi Agosti. Waliporudi, karibu kila mmoja alikuwa na msemo wake, lakini hakuna hata mmoja aliyeitaja baridi hiyo kwa neno kipupwe. Waliandika "baridi ya Julai". Na waliotoka katika nyumba za Wakikuyu wakaongeza gathano. Neno la kamusi walilijua kwa ajili ya mtihani tu.

Sikuweza kuwalaumu. Kipupwe, masika, vuli na kaskazi ni istilahi zilizokomaa pwani, mahali ambapo majira hutambulikana kwa pepo. Mwenyeji wa Lamu au Unguja alihitaji kujua ni lini chombo kitafuata kusi kwenda Uarabuni na ni lini kitarejeshwa na kaskazi. Ndiyo maana mwaka wenyewe ulihesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi. Kipupwe cha huko ni ubaridi mwanana baada ya masika. Nairobi, mji ulioko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hupata katika miezi iyo hiyo jambo jingine kabisa: wingu zito la chini linalosukumwa na pepo za kusini-mashariki hadi kwenye nyanda za juu, likatanda tangu alfajiri hata mchana ukakosa joto. Pepo ni zile zile, lakini hali ni mbili, na jina moja halizitoshi.

Mfano ulio bora wa tatizo hili ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wanafalaki wa Ulaya hukiita Pleiades. Wapwani wana msemo mashuhuri: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wengi wetu huufundisha kama utabiri, nasi hukimbilia kueleza kwamba jina latokana na kitenzi kulima, basi nyota hizi ni saa ya mkulima. Maelezo hayo yana kasoro. Wazulu na Waxhosa husema isilimela, Wasotho selemela, Wavenda tshilimela. Shina ni lile lile, na kwa hiyo neno ni kongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Lilirithiwa, halikutungwa Mombasa wala Unguja. Etimolojia yake haiwezi kuwa ushahidi wa lini Mswahili alishika jembe. Kilimia hupotea katika mwanga wa jua la machweo mapema mwezi Mei, kikaonekana tena kabla ya mapambazuko mwezi Juni. Kusini mwa Afrika kuchomoza huko huwaambia watu watengeneze majembe yao. Kwetu masika yamekwisha, na shamba lililimwa zamani.

Tukirudi kwenye msemo, yafaa tuangalie viambishi. Katika kikizama, -ki- ya pili ni ya masharti au ni ya wakati? Ikiwa ni ya wakati, msemo ni kalenda tu: Kilimia huzama katika mvua ya masika, huzuka katika ukavu wa Juni. Lakini nusu ya kwanza yakataa tafsiri hiyo, kwa kuwa yasema kinyume chake. Mimi naiona kuwa ya masharti: masika yakikosekana Mei, tarajia mvua isiyo ya msimu baadaye. Na hu- huondoa nafsi na wakati, ikaifanya kauli kuwa ada ya ulimwengu. Mwenye shaka na atazame mwenyewe, ila asitazame kutoka Nairobi. Nyota hizo zichomozapo Juni, wingu la alfajiri huwa limekwisha kuzifunika.

Labda ndiyo sababu watu wa mji huu wametafuta dalili zilizo karibu. Wanafunzi walileta Milima ya Ngong inayojifunika ukungu, kekeo mwenye kifua chekundu na mlio wake wa sauti tatu zinazoshuka, kumbikumbi, na mjakaranda. Huu wa mwisho ulinifurahisha. Mti huo asili yake ni Amerika ya Kusini, uliletwa na kupandwa kandokando ya barabara, na bado maua yake ya Septemba na Oktoba yamekwisha kuwa, vinywani mwa vijana, ishara "ya tangu jadi" ya mvua ya vuli. Jadi yaweza kuwa changa sana.

Kumbikumbi nao hutoka ardhi ikisha kulowa, hueleza yaliyopita. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwasikia Waingereza wakisema kwamba matunda mengi vichakani ni onyo la baridi kali ijayo, ilhali wingi wa matunda hutegemea sana hali ya hewa ya miezi iliyotangulia. Hatuna budi, basi, kutenga dalili itanguliayo na ifuatayo, jambo ambalo mikusanyo yetu ya methali haikulijali.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, iliyoko Dagoretti Corner katika Barabara ya Ngong, imelijali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikilinganisha utabiri wake na ule wa ukoo wa Nganyi wa Bunyore, Vihiga, ambao husoma miti, wadudu na ndege. Wanaisimu hatukuwa mbele katika kazi hiyo, ingawa tatizo kubwa ni la lugha. Utabiri wa kitaalamu husema mvua "juu ya kiwango cha kawaida". Msikilizaji wa Mathare, ambako mto ulifurika na kuua watu mwezi Aprili 2024, huuliza kawaida ya nani. Muundo wa -ki- na hu- humwambia: likitokea hili, hufuata lile.

Zoezi lile nimelirudisha kwa wanafunzi. Safari hii kila msemo uandikwe pamoja na mwezi uliosemwa, mahali, na lugha ambayo mzee aliutumia kabla haujatafsiriwa.